Umenileta Singida Nikupikie?

Mwezi huu sina nadharia za mapenzi. Nina kesi, na mshtakiwa ni mimi mwenyewe.

Kesi ilianzia ofisini. Mimi na mwenzangu tulikuwa na miaka mitatu kwenye ndoa, na katika miaka yote hiyo hatukuwahi kutoka likizo wawili tu. Safari zetu zote zilikuwa za shughuli: msiba Tanga, harusi Moshi, kipaimara cha mtoto wa dada. Hoteli za Zanzibar tulikuwa tunazipigia hesabu kila mwaka, na kila mwaka hesabu inagoma. Ndipo mfanyakazi mwenzangu akanivuta pembeni.

"Kaka, baba yangu mdogo ana nyumba Singida mjini. Ukikaa barazani unaliona ziwa. Mwenyewe anaishi Mwanza, nyumba ipo tu. Kuna jiko, vyombo, vitanda, kuna na mlinzi. Nendeni mkajipikie wenyewe, mtalipia umeme basi."

Jamani, nani anakataa ofa hiyo? Jioni nikamwambia mama mwenye nyumba wangu: "Siku sita, mimi na wewe tu. Tunaamka tukitaka, tunapika tunachotaka." Akafurahi mpaka akanikumbatia jikoni. Kumbe kulikuwa na swali ambalo mimi sikulifikiria na yeye kwa furaha hakuliuliza: hiyo "tunapika", nani hasa anapika?

Mji wa mawe na upepo

Tuliondoka Julai 2025. Siku hizi safari imekuwa rahisi. Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, ilitutoa Dar asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana tukawa Dodoma. Pale tukapanda basi kupitia Manyoni, kama kilomita 240 hivi, jioni tukateremka Singida.

Kama hujafika, usije na nguo za Dar. Mji uko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Julai upepo wake unaingia mpaka kwenye mifupa. Halafu kuna yale mawe. Mawe makubwa kama nyumba, yamekaa juu ya mengine kana kwamba kuna mtu aliyapanga kisha akaondoka. Na mji umekaa kati ya maziwa mawili, Singidani na Kindai, yote ya maji ya chumvi. Asubuhi ya kwanza tulitoka barazani na blanketi moja mabegani, tukawaona heroe, wale ndege warefu wa waridi, wamesimama majini kama watu wanaosubiri daladala. Mwenzangu akanishika mkono. Nikajisemea kimoyomoyo, baba, hapa umepiga bao.

Bao lenyewe likadumu hadi saa nne asubuhi.

Kuku wa kwanza

Kila Mtanzania anajua sifa ya kuku wa Singida. Wanapakiwa kwenye matenga juu ya magari mpaka Dar es Salaam, na ukikaa baa ukaambiwa "huyu wa Singida", bei inapanda hapo hapo. Sasa mimi niko chanzoni kabisa, nisile kuku?

Akapita jamaa na baiskeli, kuku wamening'inia pande zote mbili za usukani. Nikamwita. Akataja bei. Nikaanza kumbana kama tuko Kariakoo, nikambana, nikambana, mpaka nikamshusha shilingi 4,000. Akachagua jogoo mmoja mkubwa, akanipa, akaenda zake bila maneno mengi. Nikaingia ndani nimembeba kama kombe.

"Mke wangu, mchana wa leo ni huyu."

Mwenzangu akamtazama jogoo. Jogoo akamtazama mwenzangu. Mimi nikachukua simu nikarudi barazani kupiga picha za heroe.

Sasa nikwambie kilichoendelea jikoni, maana nilikuja kukijua baadaye. Mtungi wa gesi ulikuwa mtupu. Mkaa ulikuwepo nusu gunia, lakini upepo ukawa unazima kila kiberiti. Kuku inabidi achinjwe, anyonyolewe, akatwekatwe, na mwenzangu mtoto wa Temeke kuku anamjua akiwa kwenye mfuko wa plastiki tayari. Akamwomba mlinzi amchinjie, mengine akahangaika nayo mwenyewe. Saa kumi jioni kuku akaingia sufuriani. Saa mbili usiku bado yuko sufuriani, na ukimchoma uma, uma ndio unapinda.

Tulikula wali na chumvi. Nikafanya kosa la pili, nikatania: "Huyu kuku ni mstaafu wa jeshi nini?"

Mwenzangu hakucheka. Aliweka kijiko chini taratibu. "Dar napika kwenye gesi, maji yanatoka ndani, na dada ananisaidia. Umenileta Singida nikupikie bila gesi, bila maji, bila msaidizi? Hii ni likizo ya nani?"

Nikakosa la kusema. Usiku ule kila mtu alilala ameangalia ukuta wake.

"Kwa nini hamkuuliza?"

Asubuhi nikatoka nje peke yangu. Mlinzi, mzee wa makamo ya babu yangu, alikuwa anaota jua ukutani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Jana jiko lenu limewaka mpaka usiku."

"Babu, kuku alikataa kuiva."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii: "Kwa nini hamkuuliza?"

Nikabaki namtumbulia macho. Nimuulize nani? Babu akanyoosha kidole kwenye nyumba ya jirani, hatua kama thelathini kutoka kwetu. Kulikuwa na mama mtu mzima anafagia uwanja. Nilikuwa nimempita mara tatu tangu tufike, nikampungia mkono huku nimeshika simu sikioni. Babu akasema, "Walidhani ninyi watu wa Dar hamtaki kusumbuliwa."

Nikaenda nikamwamkia, safari hii nimesimama, simu mfukoni. "Marahaba mwanangu. Karibu. Mkeo hajambo?" Swali la tatu tu na ameshafika penye kidonda! Nikamweleza habari ya kuku. Akauliza alikuwa na kucha ndefu za nyuma? Ndiyo. Magamba ya miguu yamekakamaa? Ndiyo. Kilemba kimelala? Ndiyo mama.

"Huyo ni jogoo mzee. Anataka kuchemshwa tangu asubuhi, kwa moto mdogo. Ungemwambia muuzaji unataka kuku wa kula leo, angekupa tetea. Lakini ulimbana bei, mwanangu. Mtu ukimbana anakupa kile anachotaka kimtoke."

Halafu akaongeza, si kwa kunisuta, kama anayenipa habari tu, kwamba yule kijana anatoka kijijini kabla hakujapambazuka, anazunguka mtaa kwa mtaa na baiskeli, na asipouza kuku wake mchana anarudi nao. Zile 4,000 nilizookoa hazifiki bei ya kahawa moja yenye povu kule Masaki. Niliona aibu, sikufichi.

Watu wanne waliookoa likizo yetu

Mama Jirani, ndivyo tulivyomwita, alikuja na mimi mpaka kwetu. Alimkuta mwenzangu anafunga begi. Sikusikia walichoongea kwa sababu nilitumwa nje na Babu kutafuta kuni. Niliporudi begi lilikuwa limefunguliwa na maji ya chai yako motoni. Tangu siku hiyo mambo yakanyooka, na hayakunyooka kwa akili yangu, yalinyooka kwa watu.

Wa kwanza ni Mama mwenyewe. Tulikubaliana apike mlo mmoja kwa siku, ule mzito wa mchana, tena jikoni kwetu ili tujifunze. Ndiye aliyetupikia ugali wa uwele na mlenda. Mwenzangu ambaye mlenda aliuona kama adhabu ya bweni, siku ya nne aliomba uongezwe. Ndiye pia aliyetufundisha kuku: unamchemsha kwanza na chumvi, tangawizi na ndimu mpaka uma upite, supu unaitoa pembeni, ndipo nyama inakutana na mafuta.

Wa pili ni kijana wa bodaboda, mjukuu wa rafiki yake Babu. Alichukua mtungi wa gesi akaurudisha umejaa. Alijua asubuhi gani sokoni kuna nyanya mpya, na alijua mashine gani ya kukamua alizeti ina mafuta mazuri. Alizeti ndiyo dhahabu ya Singida, na Julai ni muda mfupi tu baada ya mavuno. Mafuta yake yakitoka mashineni, kabla hayajachujwa sana, yana harufu ya mbegu iliyokaangwa, na ukikaangia kitunguu cha huko huko, jirani wa tatu anajua unapika. Unayaacha dumu litulie, mashapo yanabaki chini.

Wa tatu ni Babu. Nilidhani kazi yake ni geti. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa anajua nyumba inavyoishi: jiko la mkaa liwekwe upande gani upepo usilifikie, umeme ukikatika taa iko wapi, njia gani ya kupandia mawe haina utelezi. Na maji! Alituambia ya bomba lile tuogee na kufulia, ya kunywa na kupikia tununue. Hili msomaji lishike. Singida ni mojawapo ya mikoa ambayo visima vingi vina madini ya floridi kupita kiasi, yale yanayogeuza meno ya watoto kuwa kahawia na yakizidi miaka yanaumiza mifupa. Kuchemsha hakuyatoi. Mgeni hawezi kulijua hilo kwa kuangalia glasi, lakini mwenyeji anajua kisima kwa kisima.

Wa nne ni yule muuza kuku. Alipita tena siku ya nne. Nikamkimbilia getini, nikamwambia nataka tetea wawili kwa bei yake, na nikamtolea zile 4,000 za juzi. Akazikataa. "Ya juzi yamepita, kaka. Leo ni leo." Akatuchagulia tetea wawili wazuri, na safari hii nilikuwa naangalia kucha na magamba kama daktari. Mmoja aliiva kwa muda wa kuangalia nusu ya mpira.

Na mimi je? Waswahili walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yangu ilikuwa siku ya tatu. Mama alinipa beseni la maji ya moto na kuku aliyechinjwa: "Haya baba, nyonyoa." Mwenzangu alikaa barazani na blanketi lake, akapiga picha. Picha zenyewe hazikuwa za heroe.

Huko kwenye theluji wanafanyaje?

Usidhani haya ni mambo ya Singida peke yake. Ulaya kwenye milima ya Alps, watu hufanya likizo hizi hizi za kujipikia majira ya baridi. Chukua Chamonix ya Ufaransa, palipofanyika Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi mwaka 1924. Familia au marafiki wanakodi nyumba yenye jiko kwa wiki nzima, kwa sababu kula hotelini kila siku kunamaliza mshahara, kisha mchana wanaenda kuteleza kwenye theluji.

Hata kule kwenye maduka na barabara nzuri, nyumba peke yake haitoshi. Kuna mwenyeji anayetunza funguo na kuwasha joto kabla hamjafika. Kuna wanaokujazia friji ili usishuke kwenye basi na kukuta duka limefungwa. Mkate wa asubuhi unauagiza kwa mwokaji wa kijiji. Ukitaka usiku mmoja msishike sufuria, anakuja mpishi, anapika na kuondoka.

Tofauti ni moja. Kule kila huduma ina kibao na bei imeandikwa. Kwetu mpishi wako yuko hatua thelathini, anafagia uwanja, na kibao hana. Utampata kwa salamu. Sisi vijana wa mjini tumezoea kwamba kitu kisicho kwenye simu hakipo, ndiyo maana nililala njaa pembeni ya mpishi bora mtaani.

Pesa bila kuvunjiana heshima

Hapa ndipo wengi tunapochemsha. Siku ile ya kwanza nilimtolea Mama noti baada ya chakula. Akarudisha mkono nyuma: "Mwanangu, unanilipa kwa kukupa chakula?" Nikairudisha mfukoni, na ukweli wa Mungu, nilifurahi. Bure tena!

Mwenzangu ndiye aliyeokoa jahazi. Alimwambia, "Mama, ukija kutusalimia tutakupokea kwa chai, hatutatoa hata senti. Lakini ukija kutupikia umeacha shughuli zako. Hiyo ni kazi, nawe tutajie bei." Mama akacheka, akakaa, akataja. Hatukumbana. Kila jioni alilipwa chake, na siku ya kuondoka tulimpa kitenge kama zawadi ya watoto kwa mama. Zawadi haikula hela ya kazi, wala hela haikuchafua undugu.

Maana ukarimu wa watu wetu unaweza kuwa mtego kwa mgeni mwenye tamaa. Anakaa wiki nzima anapikiwa, anabebewa, anaongozwa, kisha anaondoka akisifia "watu wa huku wakarimu sana" huku ameacha asante tu. Usiwe huyo.

Kabla hujafunga begi

Kama nawe mwaka huu unapanga likizo ya kujipikia na mwenzio, iwe Singida, Lushoto au Mafia, chukua haya:

1. Gaweni kazi kabla ya safari. Nani anapika siku gani, nani anaosha, siku gani hakuna anayepika. Kama jibu ni mtu mmoja, hiyo siyo likizo, mmehamisha jiko.

2. Mpigie mwenyeji siku mbili kabla. Uliza gesi ipo? Maji ya kunywa yanatoka wapi? Sokoni ni umbali gani? Maswali matatu yangeniokoa ugomvi mmoja mkubwa.

3. Siku ya kwanza, kabla ya picha, zungukeni wote wawili mkasalimie majirani. Taja unatoka wapi na unakaa siku ngapi. Dakika kumi tu.

4. Kazi yoyote, kubalianeni bei kabla haijaanza, na lipa siku hiyo hiyo. Usingoje mpaka siku ya kuondoka ndipo uanze kutafuta chenji.

5. Sokoni punguziwa kwa ustaarabu. Sema unataka kitu cha matumizi gani, muuzaji akuchagulie. Utaalamu wake nao umo kwenye bei.

6. Jifunze kitu kimoja urudi nacho. Mimi narudi na kunyonyoa kuku. Usicheke, kimenipa heshima ukweni.

Jioni ya mwisho

Siku ya sita jua lilipokuwa linazama, Babu alituongoza mpaka juu ya jiwe moja, akashuka akatuacha. Chini ziwa lilikuwa jekundu na upepo unapiga kweli kweli. Nikamwomba mwenzangu msamaha rasmi, maana ule wa siku ya tatu nilikuwa nimeutoa nikiwa na manyoya mikononi.

Akaniambia, "Unajua nilichokuwa nataka? Sikutaka hoteli. Nilitaka siku moja niamke nisifikirie mchana tutakula nini."

Miaka mitatu ya ndoa, na sikuwa nalijua hilo. Mimi huwa naamka nafikiria foleni na bosi. Yeye anaamka na foleni na bosi wake, halafu na sufuria juu yake. Ilibidi nisafiri mpaka Singida, niuziwe jogoo mzee, ndipo nilisikie.

Tangu turudi, Jumamosi na Jumapili jikoni ni kwangu. Mafuta ya alizeti tuliyobeba, lita tano, yaliisha mwezi wa pili. Mama Jirani tunampigia kila baada ya wiki mbili, na kila mara lazima aulize, "Mkwe wangu ananyonyoa?" Mwenzangu anamjibu, "Ananyonyoa, mama, lakini polepole."

Haya, mpenzi msomaji, leo usiku kabla hujalala muulize wako: akiamka asubuhi, kitu cha kwanza kichwani ni nini? Usimkatishe, msikilize mpaka mwisho. Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.